Watu wa Msimbazi Hawaingii

Jumatatu, 10 Novemba
Nimeingiza tena profaili za wafanyakazi kwenye seva mpya. Wa ofisini hapa Kariakoo wameingia wote, na picha zao. Wa ghala la Msimbazi, hata mmoja. Nilidhani waya. Waya mzima. Nilidhani umeme. Jenereta imenguruma hapo dirishani kutwa. Nilesh, mtoto wa bosi, amesema Ijumaa baba yake anataka kuona kampuni nzima kwenye kompyuta, la sivyo mkataba wangu wa majaribio unaishia hapo. Kasema mbele ya watu. Namchukia.

Jumanne, 11 Novemba
Fundi aliyetuuzia programu kanishauri kwa simu nifute zote nianze upya. Nimefuta. Sasa na wa ofisini hawapo. Mhasibu anauliza picha yake imeenda wapi. Nimeenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kukaa. Sikula.

Jumatano, 12 Novemba
Wa ofisini wamerudi. Msimbazi bado. Ila tatizo nimeliona, na afadhali nisingeliona. Seva inaanza na bosi, inashuka kwa wakuu, kisha kwa watu wao. Mkuu wa ghala ni Mzee Chilumba. Tulimzika mwezi uliopita, ofisi ikafunga akaunti yake. Seva ikifika kwake inakuta pamefungwa, inageuza. Watu wake wote wanabaki nje.

Dawa ni kuandika mkuu mpya. Hakuna mkuu mpya.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimeenda ghalani. Bakari, aliyekuwa msaidizi wa mzee, ndiye anayefanya kazi zote. Nikamwomba nimwandike yeye. Akaniangalia kama nimemtukana. "Dada Tatu, arobaini ni Jumapili. Nikalie kiti cha mzee hata dua haijasomwa?" Wengine nao wakakataa kuandikwa. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mzee Chilumba ndiye aliyenipokea nilipotoka Masasi, akanitafutia chumba Ilala, akaniombea kazi hii. Mkataba ukikatika sina pa kwenda. Nimewabembeleza mpaka nimejionea aibu.

Mchana nimefungua akaunti ya marehemu. Sikumwambia mtu wa ofisini. Msimbazi wakaingia wote, mara moja. Juu yao picha yake, na kofia yake.

Ijumaa, 14 Novemba
Wameona. Nilesh kanijia juu, eti nimeweka maiti kwenye mfumo, nina akili kweli? Nikasema ukweli wote. Bosi mkubwa, Mzee Jayanti, akavua miwani. Yeye na Chilumba walianza na duka moja tu hapa Kariakoo, biashara huria iliporuhusiwa. Akasema, "Mwacheni mpaka arobaini." Kuhusu mkataba wangu, kimya. Nimefika nyumbani nikajilaza na viatu.

Jumapili, 16 Novemba
Arobaini. Mzee Jayanti alikuja, akakaa mkekani na magoti yake mabovu. Baada ya dua mjane, Mama Zuhura, akagawa nguo za marehemu. Lile koti la buluu la ghalani akampa Bakari. Bakari akalipokea kwa mikono miwili. Nimekula pilau kidogo.

Jumatatu, 17 Novemba
Asubuhi Bakari kaja mezani kwangu amevaa koti. Mikono ya koti imemzidi. Akasema, "Haya, niweke." Nimemweka. Wote wameingia. Nilesh kaniletea mkataba, nimesaini.

Kabla ya kufunga akaunti ya mzee nikafungua ukurasa wake, pale watu wanapoachiana ujumbe. Sikujua. Tangu Alhamisi watu wa ghala walikuwa wanamwandikia. Mzee, sufuria zimefika, mbili zimebonyea. Mzee, bati linavuja palepale. Mzee, kesho tunakuja kwako wote. Wa mwisho Bakari, leo: Mzee, koti nimelipokea.

Nimesoma zote. Kisha nimeifunga.