Mabati Yakipata Jua

Keko, 3 Februari 2025

Mwanangu Revelian,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Huko Uholanzi baridi imepungua au bado unalala na soksi? Sie wazima, joto tu ndilo linatutoa roho.

Naandika kwa kidole kimoja, usinicheke. Kutuma sauti nimeacha. Juzi nilikutumia sauti nikiwa hapa kwenye banda langu la chakula, mafundi wote wa makochi wakaacha kupiga randa wakanisikiliza. Sasa Ansbert, yule fundi anayekula wali maharage kwangu kila siku, anauliza kama ukirudi utampigia picha za harusi kwa bei ya ujirani. Kosa langu, niliwaambia umesomea picha.

Hebu nieleze vizuri. Ulisema mnapiga picha ndani ya mwili, mwanga unaingia, sauti inatoka. Mwanga utoe sauti vipi? Mie nikiwasha tochi mbona siisikii? Nimeiwaza hiyo mpaka nimeunguza vitunguu. Na je, mtu anavuliwa nguo? Inauma? Huku kwetu itafika lini?

Unakula lakini?

Mama yako

Uholanzi, 9 Februari

Mama, shikamoo.

Mie mzima, soksi bado. Mwambie Ansbert harusi nitaipiga, ila bwana harusi ataonekana mishipa tu.

Iko hivi. Tunamulika mwili kwa mwanga mkali unaowaka na kuzima upesi kuliko kupepesa jicho. Damu inaunyonya, inapata joto dogo mno, mwenyewe huwezi kulihisi. Kitu kikipata joto kinatanuka, na kikitanuka kinatoa mlio. Masikio yetu hayausikii, mashine inausikia, halafu kompyuta inachora umetoka wapi. Uvimbe mbaya hujivutia mishipa mingi ya damu, kwa hiyo unapiga kelele kuliko majirani zake. Haiumi. Itafika lini huko, sijui. Bado ni utafiti.

Ila mama, habari ya kuvua nguo umeiulizia nini?

Mwanao, Revelian

Keko, 16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mabati!

Leo nimetoka misa ya kwanza, nimekaa ndani nachambua mchele, jua likapanda, mabati yakaanza: ta, ta, ta. Miaka yote nilijua ni kunguru wanatembea. Nikasema, si Revelian kaniambia kitu kikipata joto kinatanuka, kinatoa mlio? Wingu likapita, yakalia tena. Kumbe hata yakipoa yanalia. Na damu ikipoa je, nayo inalia? Nikamwita Mwajabu, jirani yangu wa maandazi, tukakaa wawili tunasikiliza bati kama redio. Akaniambia, "Mama Reve, jua limekupiga." Nikamwambia nyamaza wewe, mwili wako ni bati.

Basi huyo Mwajabu ndiye anayeuliza hayo ya nguo. Ana kivimbe, mwanangu, samahani kwa kukutajia, kwenye titi la kushoto. Kama punje ya njugu mawe. Kakigundua akiwa anaoga, kabla ya Krismasi. Ni kigumu, ukikisukuma hakisogei, ila hakiniumi, kwa hiyo anaona haraka ya nini. Anataka kungoja mashine yenu, maana hospitali kuna vijana wa kiume na yeye ni mtu mzima. Mnaweza kumsikiliza juu ya nguo?

Mama yako

Uholanzi, 17 Februari

Mama, shikamoo.

Mabati ndiyo yenyewe. Nimemweleza mwalimu wangu, kaliandika neno ubaoni kwa Kiswahili.

Lakini Mwajabu asingoje. Mashine yetu haiwasikii vizuri watu wa rangi yetu. Weusi wa ngozi nao unanyonya mwanga, kwa hiyo ngozi inalia ya kwanza, tena kwa nguvu, na damu iliyo chini yake haisikiki. Hapa kwetu wengi waliojaribiwa mwanzoni walikuwa weupe. Kazi yangu kila siku ndiyo hiyo, kuinyamazisha ngozi ili cha ndani kisikike. Mkono ninaoujaribia ni wangu mwenyewe. Itachukua miaka. Hospitali za huko zina ultrasaundi, hiyo ni sauti tupu, rangi ya mtu haiijali. Aende wiki hii, aombe mhudumu wa kike.

Mama, umeandika "hakiniumi". Kingekuwa cha Mwajabu ungeandika "hakimuumi".

Naomba unipigie.

Mwanao

Uholanzi, 24 Februari

Mama, shikamoo.

Simu inaita, hupokei. Kila nikimpigia Mwajabu ananiambia uko sokoni, na nyuma yake kuna mtu anakohoa kama wewe. Sijakasirika. Nijibu hata neno moja. Mabati yanasemaje?

Mwanao

Keko, 23 Machi

Mwanangu,

Marahaba, pamoja na zile zote nilizokukalia kimya.

Kwanza nilikasirika. Mie ndiye niliyekufundisha kuandika jina lako kwa mkaa sakafuni, leo unanisahihisha herufi! Halafu nikaona haya. Halafu nikaogopa. Nilishapanga moyoni, nitangoja mashine ya mwanangu, sitavua blauzi mbele ya mtu baki. Uliposema hainisikii, nikakaa nautazama mkono wangu huu mweusi, nikawaza wako uko kwenye hiyo mashine kila siku. Nikamwambia Mwajabu, funga maandazi yako, tunaenda.

Alinihudumia binti, anaitwa Clara. Kanipaka kitu cha baridi kama uji uliolala. Nikamwomba ageuze kioo nami nione. "Mama, utaogopa." Nikamwambia, "Geuza, mwanangu ndiyo kazi yake." Kijivu kitupu, kama tivii ya zamani ikikosa stesheni, na katikati kitu cheusi, kingo zake zimechakaa. Nikamuuliza, hii inaingia sauti inatoka sauti? Akasema ndiyo, inagonga inarudi. Nikamwambia ya mwanangu unaingia mwanga. Akaacha kufuta mikono. "Inawezekanaje?" Nikamweleza mabati.

Walichukua nyama kwa sindano, majibu yakatoka Ijumaa. Ni ile mbaya, Revelian. Lakini daktari kasema ni kadogo, kwapani hakajafika. Watanipasua baada ya Pasaka, halafu dawa. Nywele zitatoka. Mwajabu anasema kichwa kitang'aa, hapo ndipo nitakuwa bati kamili. Tumecheka, tukalia, tukacheka.

Nimemuuliza daktari, mkishakitoa, naweza kukituma kwa mwanangu akisikilize? Ngozi haitakuwepo kukipigia kelele. Kacheka. Alipoona mie sicheki, akasema ataulizia.

Wewe usiache kuinyamazisha ngozi. Na mkono wako ukichoka, wangu upo.

Hii nimeisoma herufi kwa herufi kabla sijaituma. Hakiniumi. Ni changu mimi.

Mama yako