Tembo la Kuongeza Maziwa

Asmahani, nimetoka kwa bibi Praxeda sasa hivi. Bado siamini.

Mwaka 1954, Pangani, ndiyo kwanza amemzaa baba yangu. Mama mkwe wake akamletea tembo la mnazi, kata nzima. "Kunywa, maziwa yajae." Eti dawa.

Tembo, shoga. Kwa mzazi anayenyonyesha.

Akanywa kwa heshima, akanyonyesha. Mtoto akalala mpaka titi likamponyoka, akifinywa nyayo haamki. Praxeda analia, mkwewe anajisifu: "Umeona alivyotulia?"

Alivyotulia. Mtoto kalewa!

Jioni mtoto akazinduka, njaa imemshika. Mama mkwe huyo, na kata ya pili. Praxeda akampakatisha mkwewe huyo mjukuu wake. "Kunywa wewe, mama, kisha umnyonyeshe wewe."

Tembo halikuletwa tena nyumba ile.