Rambirambi Zako Nimezipokea Mwenyewe

S.L.P. 4071,
Kiwalani, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Novemba 1993

Mpendwa Dada Bahiya,

Shikamoo. Kwanza nakuomba radhi kwa kimya changu cha miezi saba. Barua yako ya Aprili ilinifika, sikuijibu, na sina udhuru wa maana. Je, hujambo? Magoti yanaendeleaje na hizo mashine za baridi mnazolala nazo huko Maskati? Binti yako Lujain ameshajifungua? Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kulia, nao nitaueleza.

Telegramu yako ya rambirambi nimeipokea mwenyewe. Tarishi aliniletea mkononi, nikatia saini, nikafungua, nikasoma kwamba unanililia na kwamba Mungu anilaze mahali pema. Amina, siku ikifika. Kwa sasa nimekaa mezani kwangu na nina hasira. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye mkubwa wetu uliyebaki.

Mwaka 1958, nilipokuwa mwalimu kijana huko Monduli, nilipanda lori la serikali kuelekea Ziwa Natron. Nchi ile ni kavu, vumbi lake ni jepesi kama unga, na kwa mwendo wa saa nyingi huoni mti wa kukutia kivuli. Kisha ardhi inapasuka ghafla, na chini ya korongo kuna maji yanayokwenda mbio. Nilimwomba dereva asimame. Alikataa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliona korongo lile kichwani mwangu kama nilivyoliona siku ile, likirudi nyuma na kupotea katika vumbi la lori.

Mwaka jana nilinunua pikipiki, katika hizi zilizokwishatumika zinazomiminika kutoka nje siku hizi. Nilimweleza mdogo wetu Twaha nia yangu ya kulirudia korongo lile. Akaniambia mbele ya wanangu, "Kaka, una miaka sitini na tatu. Kama ni vumbi, hapa Kiwalani si lipo tele?" Wakacheka wote. Mke wangu Mwajabu peke yake hakucheka. Aliuliza nitaondoka lini. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukasirika.

Tarehe 4 Oktoba nilimuaga Mwajabu nikamwambia nakwenda Morogoro kumjulia hali Projestus, mwalimu mwenzangu wa zamani. Nilipofika Chalinze, barabara ya Morogoro ikabaki mbele yangu, nami nikakata kulia.

Nililala Korogwe, nikalala Moshi, nikalala Mto wa Mbu. Baada ya hapo hapakuwa na barabara. Palikuwa na alama za magurudumu ya waliotangulia, na mahali pengine hata hizo upepo ulikuwa umezifuta. Vumbi lilifika katikati ya magurudumu. Nilianguka mara nne, nikajiinua mara nne. Maji yangu yalikuwa moto kama ya chai. Dada, sitakuficha: sijapata kuwa na furaha kama ile tangu nistaafu. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini wala dawa yangu ya presha iko wapi. Niliposimama ukingoni mwa korongo na kusikia maji huko chini, nilivua kofia.

Mara ya tano sikujiinua. Ukingo ulimeguka nilipokuwa nikigeuza pikipiki, ikaenda chini nami nikaenda nayo. Begi langu lilibaki juu njiani. Wachungaji wa Kimasai walinitoa kabla jua halijazama, wakanipeleka nyumbani kwao. Nilikaa kwao siku kumi na sita, mguu umevimba kama gogo. Walininywesha maziwa na mchuzi wa mizizi mchungu kuliko kwinini. Simu hakuna, gari hakuna, na hatukuwa na lugha moja, ila mama wa nyumba ile alijifunza kusema "Mwalimu, kunywa," nami nikanywa.

Sasa sikiliza yaliyotendeka huku. Dereva mmoja wa lori aliyepita baadaye aliokota begi, akachungulia korongoni, akaona pikipiki na asione mtu. Ndani ya begi mlikuwa na anwani yangu. Akalileta Dar es Salaam, akamkabidhi Twaha. Basi nikawa maiti. Nilisaliwa msikitini bila jeneza. Nilitangazwa redioni. Ulipigiwa telegramu wewe. Nguo zangu ziligawanywa kama ilivyo desturi, na koti langu la ukaguzi wa shule, nililolivaa miaka kumi na minane, mtu aliyepewa alikwenda kuliuza Tandika kwenye mitumba. Mwajabu alivishwa nyeupe, akaingizwa eda.

Nilifika kwa basi tarehe 29 Oktoba, baada ya Asri, nikitembelea gongo. Aliyefungua mlango ni Twaha, amevaa kanzu yangu. Tasbihi ikamponyoka.

"Kaka! Wewe si umekufa?"

"Vua kanzu yangu," nilimwambia.

Nilisema maneno mengi jioni ile, na majirani waliyasikia. Niliwaambia hivi: mmepika pilau ya hitima, mmegawana suruali zangu, na katika ninyi nyote hakupatikana hata mmoja wa kupanda basi kunitafuta! Twaha aliinamisha kichwa, akavua kanzu, akaondoka na fulana. Hajarudi hapa mpaka leo.

Mwajabu alitoka chumbani na nguo zake nyeupe. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akainama akaushika mguu, akauliza kama nimekula. Akanitengea wali na samaki. Asubuhi nikamkuta anafunga furushi.

"Unakwenda wapi?"

"Kisarawe, kwa dada. Mie nimekaa eda siku kumi na moja, ya mtu aliyeniaga anakwenda Morogoro. Huyo hajarudi. Wewe umetoka Natron."

"Mwajabu, acha mzaha."

"Mzaha umeuanza wewe. Miezi minne na siku kumi, zilizobaki nitazimalizia huko."

Akaenda, na nguo nyeupe mwilini. Nilimwendea shehe, akaniambia hakuna eda ya mume aliye hai. Nikamtuma binti yangu Farida ampelekee mama yake jibu hilo. Mwajabu alimjibu kwamba shehe hakudanganywa yeye.

Farida ndiye aliyeniambia jambo jingine, tena kwa ukali ambao sikuwahi kumruhusu. "Baba, unasema hukutafutwa? Ba'mdogo alikaa Morogoro siku tatu. Wewe si ulisema uko Morogoro?" Begi lilipoletwa kutoka Natron, Twaha, aliyedhani niliiacha ile nia tangu waliponicheka, aliamini kwamba wanyang'anyi wameniua njia ya Morogoro na kukimbia na pikipiki hadi huko. Alikwenda kwa Projestus, akaambiwa sikufika wala sikuwa natarajiwa. Akaingia vituo vya polisi. Akaingia chumba cha maiti na kufunuliwa shuka moja baada ya nyingine, akitafuta uso wangu. Unajua Twaha alivyo. Hata kuku hawezi kumtazama akichinjwa. Alirudi hawezi kula.

Kwa hiyo nilitafutwa. Nilitafutwa mahali nilipowatuma mimi.

Hasira yangu bado ninayo, Dada, lakini tangu siku hiyo sijui niiweke wapi. Kuhusu koti bado nina haki, na kucheka kwao sijakusahau. Ila kila ninapoanza kumlaumu Twaha, naiona mikono yake ikishika zile shuka.

Mwajabu ameweka sharti. Hakuitaja pikipiki, ambayo fundi mmoja wa Mto wa Mbu, Kornelio, ameivuta kutoka korongoni na kuniandikia kwamba itapona. Hakusema nisiendeshe tena. Anasema niende Kisarawe, nisimame mlangoni kwa dada yake, nimuage upya kwa safari ile ile: nitaje ninakokwenda kwa jina lake, Natron, na nimwambie kwa nini nilitaka kwenda peke yangu. Akisikia hivyo, atavua nyeupe. Mimi, niliyekagua shule za wilaya tatu, nisimamishwe mlangoni kama mwanafunzi aliyetoroka bwenini! Nimekataa mara mbili. Farida hanibembelezi tena. Chakula najipikia, na sijui kupika.

Nisalimie shemeji na mwanao Suhaib, na Lujain na kichanga chake akiwa amekuja. Mungu akupe nguvu ya magoti na umri mrefu, na akusamehe machozi uliyoyapoteza kwangu.

Nikishaamua kama nitakwenda Kisarawe, nitakuandikia. Nitaandika mwenyewe. Ikija telegramu nyingine inayonihusu, usilie mpaka uone mwandiko wangu. Na usipouona, mwulize kwanza Mwajabu niliaga kwenda wapi.

Nduguyo akupendaye, aliye hai,

Matar