Ng'ombe wa Uso Mweupe Asiende Ukweni

Moi's Bridge, Jumatatu

Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yote miwili, na lile goti limeacha ubishi. Mama naye kifua kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Ndiyo maana nimempa dereva wa lori la mahindi barua badala ya kukupigia. Kwa simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Ni juu ya Neema, yule ng'ombe wa uso mweupe niliyepewa na mwajiri akiwa ndama. Najua Jumamosi mnampeleka awe mahari kwa wakwe wa ndugu yangu Simiyu, na kwamba wameshamwona wakampenda. Uliponiambia jicho lake linatoa machozi, nilikujibu ni nzi tu, muoshe kwa maji ya chumvi. Baba, nilisema bila kujua.

Hapa shambani dada yake, mtoto wa fahali yule yule, alianza hivyo hivyo. Ukingoni mwa jicho palikuwa na kidoa cheupe kama punje ya mchele. Nikampaka dawa ya macho wiki tatu, najiona daktari. Kidoa kikawa nyama nyekundu yenye harufu. Daktari wa mifugo alipokuja kutoka Eldoret, alimpapasa chini ya sikio, akagusa kivimbe kigumu.

"Wekesa, hii kitu umekaa nayo siku ngapi?"

"Wiki tatu, daktari. Nilidhani ni infection tu."

"Hii ni kansa, bwana. Imeshashuka kwa shingo. Huyu ni wa kuchinjwa, na nyama haitapita kwa mkaguzi."

Nililia, sikufichi. Kisha tukawapitisha ng'ombe wote, nikawafungua kope mmoja mmoja. Tulipata wengine wanne, wote wa nyuso nyeupe. Jua huwachoma pale pasipo na rangi. Vidoa vyao vilikuwa bado vidogo, daktari akavikata, na sasa wanakula nyasi vizuri. Ila amesema wasizalishwe tena, maana udhaifu huo hurithiwa.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, nenda zizini. Mfungue Neema kope, kisha mpapase chini ya sikio. Pakiwa laini, ita daktari leo leo. Ukikuta kivimbe kigumu, sijui nikuandikie nini.

Lakini vyovyote iwavyo, Jumamosi asiende. Utasema ng'ombe aliyeahidiwa habadilishwi. Peleka yule mwekundu wa Mama, nami nitamwomba Mama msamaha mwenyewe. Waambie wakwe ukweli. Wakinuna, watanuna na ng'ombe mzima zizini mwao.

Nisalimie Mama, na shangazi anayekukamulia maziwa. Simiyu mwambie nampenda, hata akinikasirikia.

Ungempeleka kabla ya barua hii, ingekuwa bahati mbaya tu. Sasa umeisoma, Baba. Tunajua sote wawili.

Mwanao,
Wekesa