Blanketi la Harusi Lililofunika Injini

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana mke wangu amefungasha anarudi kwao na kosa ni la injini, au ni langu, sijui tena. Mwaka jana gari lilichemka tukienda ukweni, na baba mkwe, fundi mstaafu asiyeambiwa kitu, akachomoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, akanitundikia kwenye ufunguo kama nishani, akasema, "Mwanangu, hili halichemki tena," na kweli halijachemka, wala halijapata hata uvuguvugu, mshale wa joto umelala chini tangu siku hiyo, petroli linabugia, hita inapuliza baridi, na mzee kila akipiga simu anauliza, "Bado limepoa?" nami najibu, "Limepoa kabisa, baba!" anacheka mpaka anakohoa, sasa nitamwambiaje kwamba kaharibu? Basi nikaziba rejeta kwa boksi, haikusaidia, nikachukua blanketi letu la harusi nikawa naifunika injini kila jioni, nikitaka kulala nalirudisha kitandani, mpaka mke wangu akalinusa, akauliza, "Unamfunika nani?" na mimi, mshauri, kwa woga nikajibu, "Kuna mmoja anasikia baridi."

Mkwe Mtiifu

Mkwe Mtiifu, pole, ila umejitakia. Mtu anaulizwa swali kama lile anatoa jibu kama lile? Ulimi hauna mfupa, wako hauna hata breki!

Ugonjwa wa gari unaujua, umeutundika kwenye ufunguo. Ukitaka uhakika, kesho asubuhi washa injini ikiwa baridi, ushike mpira wa juu wa rejeta. Mpira ukianza kupata uvuguvugu mapema, kidogo kidogo, badala ya kukaa baridi kwanza kisha kupata moto kwa ghafla, maji yanapita bila mlinzi. Blanketi halitibu hilo. Na siku utakayosahau kulitoa ukawasha gari, utapata joto usiloliomba.

Nunua thamostati mpya. Hiyo kuukuu huenda ndiyo iliyokuchemshia gari. Mpelekee baba mkwe mwenyewe, mwambie, "Baba, ulituokoa njiani, sasa nifungie na hii." Mzee atafunga huku akijisifu, mwache ajisifu. Mkeo mshike mkono leo, mfungulie boneti, umwoneshe huyo mwenye baridi. Kisha fua blanketi, kwa mikono yako.

Ukinyamaza, Jumamosi utampeleka kwao wewe mwenyewe, kwa gari hilohilo. Njia ni ndefu, hita haifanyi kazi, na katika safari hiyo mwenye blanketi atakuwa mmoja tu: injini.