Namba ya Jumatatu

Jumatatu, 3 Juni

Bosi katuita wote asubuhi, hata mchanganya rangi kaja na aproni yake. Kuna kampuni nyingine ya rangi imeingiliwa na wezi wa mtandaoni, wiki nzima hawajauza hata kopo moja. Bosi kakosa usingizi. Akanigeukia mimi — seva yetu, ile kompyuta ya bei na hesabu zote, ihamishiwe kwenye ulinzi mkali, na ikifika Jumatatu ya tarehe 17 kila mtu awe anaingia kwa jina lake, paswedi yake, na uthibitisho wa simu yake. Hakuna tena kuingia kama sokoni, kasema. Nikaitikia. Ningefanyaje?

Hakuna aliyeuliza akaunti kuu, ile yangu, inalindwaje. Afadhali.

Maana kila Jumatatu, kabla duka halijafunguliwa, seva inaniomba namba ya uthibitisho, na namba hiyo inakwenda kwenye simu ya mwenzangu. Si yangu. Ya mke wangu! Siku tulipofunga seva simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya rangi ya kijani. Yeye alikuwa ameniletea chakula, akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi weka yangu. Nikasema nitabadilisha kesho. Kesho hiyo haijafika mpaka leo.

Leo kanitumia kwa meseji kama kawaida. Tarakimu sita, basi. Hata "habari za asubuhi" hakuna. Nikajibu "Asante." Ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hayo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kuandikisha watu. Kazi ya kichaa!

Paswedi ya duka zima imeandikwa ukutani juu ya mashine ya kuchanganyia, kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa. Wateja wanaisoma wakisubiri makopo yao. Mchanganya rangi — sisi tunamwita Kopo — kaipaka nyeupe juu yake, lakini bado inaonekana. Nimemwambia haidhuru, tunaibadilisha.

Halafu simu ikagoma kukisoma kidole chake gumba. Kajaribu cha kulia, kajaribu cha kushoto, kaosha mikono, wapi! Thina, ile ya kuyeyushia rangi, imemla alama zote za vidole. "Mzee, hata simu niliyoinunua mwenyewe imenikana," akasema. Tumecheka. Yeye ataingia kwa tarakimu za siri, si kwa kidole.

Mhasibu ndiye mwenye macho. Nilipokuwa namwelekeza akauliza, na wewe unayetusumbua, simu yako mbona hujaiandikisha? Nikamwambia mimi wa mwisho. Akaniangalia juu ya miwani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimesoma maelekezo yote ya kuhamia ulinzi mkali. Meseji zinakoma kabisa. Namba zitatoka kwenye programu iliyo ndani ya simu ya mwenye akaunti, yaani mimi. Ili kuhama, inatakiwa namba moja ya mwisho kutoka simu ya zamani, ile ya mke wangu. Baada ya hapo — basi.

Nikazima kompyuta, nikaenda nyumbani mapema.

Nyumba ina vyumba vitatu, mimi naishi jikoni na kitandani. Nimepika tena chakula cha watu wawili. Mkono mbishi huu. Kandambili za mke wangu ziko pale pale mlangoni. Nikifagia nazinyanyua, nikimaliza nazirudisha, tena naziweka sawasawa kama alivyoziacha.

Hatukugombana. Hilo ndilo linaloniudhi! Mama yake alivunjika mguu, akaenda kumuuguza. Wiki mbili, alisema. Mguu ulipona, mvua zikaja, zikaisha. Yeye hakusema harudi. Mimi sikuuliza utarudi lini. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na mimi kwa kusubiri sijambo.

Mpweke. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 7 Juni

Jaribio la kwanza. Nimewasha ulinzi mkali kwa watu wa ofisini tu. Printa ikakaa kimya. Kumbe nayo ilikuwa inaingia kwa ile paswedi ya ukutani! Mhasibu kapiga kelele mpaka wateja wakadhani kuna moto. Ankara zote zimekwama, kila mtu ananiita mimi.

Nimeirekebisha. Ila wakati nahangaika, mhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu, na skrini ikaonyesha namba ya simu ya akaunti kuu. Aliitambua mara moja. Waliwahi kuwa marafiki wa kushona vitambaa, yeye na mke wangu.

"Ala! Kumbe mkeo ndiye kashika funguo za kampuni!" Nikamwambia apunguze sauti. Akapunguza. Akauliza, sasa ukihamisha mtakuwa mnaongea nini? Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima kazini. Nikamwambia printa yako inafanya kazi, nenda.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimefanya mambo ya kitoto.

Namba ilikuja. Nikaiangalia. Inaishi dakika moja tu, kisha inakufa. Nikakaa mikono mapajani mpaka ikafa. Kisha nikamwandikia: imepitwa na muda, naomba nyingine.

Ikaja nyingine — na maneno! "Vidole vimekuwa vizito? Au miwani umeikalia tena?"

Miwani umeikalia tena! Nimesoma mara ngapi sijui. Kweli niliwahi kuikalia, kwenye basi, tukienda kwa kaka yake. Nikaandika jibu refu, nikafuta. Nikaandika fupi: "Miwani ipo." Mjinga mimi. Baada ya hapo hakujibu, na angejibu nini, mtu kaambiwa miwani ipo.

Lakini siku nzima nimekuwa na furaha. Kopo kaniuliza kama nimeongezwa mshahara.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia. Ilibidi. Nimeandika kama barua ya ofisi: Jumapili tunahamisha seva, nitaomba namba ya mwisho, baada ya hapo haitakusumbua tena.

Akajibu "Sawa."

Bosi naye katafuta njia ya mkato. Kapiga simu kwa mafundi waliotuuzia seva, wakamwambia wanaweza kuifuta namba ya zamani wenyewe, bila kumsumbua mtu. Waje kesho? kaniuliza. Nikamwambia hapana, wakigusa akaunti kuu tunaweza kupoteza bei zote za rangi. Si kweli! Hakuna kinachopotea. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa sijawahi kumdanganya bosi kuhusu mashine. Kaniamini palepale, na hilo limeniuma.

Ijumaa, 14 Juni

Sawa. Sawa gani? Kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya kuchoka. Kwenye meseji zote zinafanana.

Jioni nimempigia mama mkwe, nimsalimie tu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umepotea! Mguu je? Mguu mzima, kasema, naenda mwenyewe dukani, fimbo nimewapa wajukuu wanachezea. Kisha akasema hivi, kama anazungumzia hali ya hewa: huyu binti yangu ana visa siku hizi, Jumatatu asubuhi hataki mtu aguse simu yake. Anakaa nayo barazani, chai inapoa. Ukimsemesha anakunyamazisha. Mnafanya biashara gani nyinyi?

Nikasema ni kazi ya ofisi, mama.

Akasema haya, na watu wa ofisi hawana midomo?

Nimekaa na simu mkononi mpaka ikajizima. Barazani. Chai inapoa. Mimi nilidhani namsumbua!

Jumapili, 16 Juni

Niko dukani peke yangu. Mlango wa mbele umefungwa, ndani harufu ya thina tu na muungurumo wa seva. Nimeleta daftari hili, sijui kwa nini. Watu wote wameshahamishwa. Kopo, mhasibu, printa, wote. Imebaki akaunti kuu. Bosi anasubiri nimwambie tayari.

Nikaamua leo siandiki meseji. Nikapiga. Alipokea haraka. Nikamwita "mama", kama zamani. Akaitika abee. Nikasahau yote niliyojiandalia. Nikasema, naomba namba. Akasema, haya, bonyeza.

Nikabonyeza kitufe cha kuomba namba. Nikasikia simu yake ikilia kwa mbali, kisha sauti yake. Anazisoma taratibu, kama anamsomea mtoto. Nne. Moja. Moja. Nikawa naandika. Nane. Sita. Na akanyamaza.

Nikasubiri. Nikasema, bado moja. Akasema najua.

Sekunde zinahesabika kwenye skrini, na yeye yupo, nasikia kuku wa mama yake. Nikamwita tena. Akasema, nasubiri uulize. Niulize nini? Unajua, kasema. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Naapa ulikuwa wazi! Halafu skrini ikageuka nyekundu: muda umekwisha.

Nikamwambia imekufa. Akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu aondoke — ile ya siku ya ndoo — basi omba nyingine.

Seva haikubali papo hapo. Lazima isubiriwe kidogo ndipo kitufe kiwake tena. Hatujakata. Nimeiweka simu mezani, sauti wazi, ndiyo maana naandika. Mikono lazima ifanye kitu. Kaniuliza nimekula nini leo. Nimemwambia. Kasema hicho si chakula. Kaniuliza kandambili zake bado zipo au nimeshampa mtu. Nikasema zipo mlangoni. Akasema, mlangoni wapi, upande ule ule? Nikasema upande ule ule.

Bosi anapiga kwenye simu ya ofisi. Namwacha alie.

Kitufe kimewaka. Kimewaka kitambo.

Anauliza, tayari?

Nimemwambia bado, kuna kitu nataka kukuuliza kwanza. Anasema, basi uliza. Naweka kalamu chini.