Neno Alilobakiwa Nalo Baba

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto. Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Baba bado yuko wodini. Kiharusi kimemwachia neno moja tu, tena la Kiingereza: fine. Unakumbuka alivyokuwa akilifundisha, chaki mkononi? Unga uliochekechwa vizuri ni fine, mgonjwa aliyepona ni fine, anga likitakata ni fine, na mtu aliyechoshwa na maneno yako, anayetaka umwache, naye atakujibu fine. Halafu alikuwa akicheka kwamba sisi katika neno lote hilo tuliazima faini ya mahakamani peke yake, mazuri tukawaachia wenyewe.

Sasa analitumia kwa kila kitu. Akilivuta, anataka maji. Akilipandisha, anauliza habari zako. Wauguzi wanadhani anasema hajambo, wanampongeza na kupita. Mimi ndiye mkalimani wake, na sikufichi, nilikuwa najivuna.

Jana daktari alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda. Alisema damu imevilia kichwani. Asipopasuliwa, wiki hii haimalizi, na akipasuliwa huenda asiamke. Akamuuliza Baba kama anakubali. Baba alinitazama mimi, akalisema neno lake kwa mkato, akageukia ukutani. Daktari akaniuliza amesemaje.

Kaka, nilielewa. Alikuwa anakataa, anataka aachwe. Nami nikasema amekubali.

Sikupanga, mdomo ulinitangulia. Niliogopa kubaki bila baba, basi. Tangu hapo hajatamka kitu, hata maji haombi. Nikimlisha anafumba macho. Alinisikia, masikio yake hayana ugonjwa. Kesho asubuhi wanampasua. Leo nimemfuata daktari hadi mlangoni kwake nikamweleze ukweli, nikarudi bila kubisha hodi.

Ningekupigia simu, lakini ungeniambia nimefanya vyema, nami ningekuamini. Ndiyo maana naandika. Barua itakapokufikia, mambo yatakuwa yamekwisha. Naogopa asiamke, na naogopa vilevile aamke anitazame. Akiamka, njoo uingie wewe kwanza. Asipoamka, watu watakufariji kwamba alikubali mwenyewe. Wewe utajua nani alikubali.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Haya mengine usiwaambie.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba